Niliiba Kura ya Mdogo Wangu, Kisha Nikaiua

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na moja. Sina mke, sina mtoto, na kibarua nilicho nacho leo huenda wiki ijayo nisiwe nacho. Kwetu ni milimani Uluguru, juu ya Mlali, ambako jirani unamwona ng'ambo ya bonde akipalilia kabichi zake, lakini ukitaka kumsalimia kwa mkono utembee asubuhi nzima.

Siandiki haya ili mnihurumie. Nimekwisha kuhurumiwa na watu wasiojua nilichofanya, na huruma ya namna hiyo ni chungu kuliko matusi. Naandika ili mwenye masikio asikie.

Shule niliiacha darasa la nne. Msidhani nilifukuzwa, wala si kwamba ada ilikosekana. Siku moja lori la mboga lilikwama kwenye matope chini ya misheni, mwalimu akatutuma darasa zima tukalisukume. Tulisukuma, likatoka. Wenzangu wakarudi darasani... mimi nikadandia nyuma, juu ya magunia ya viazi. Nilitaka tu kujua barabara ile inaishia wapi!

Haikuishia popote. Nikawa taniboi wa malori ya Dumila na Dodoma. Nikakata mkonge, nikabeba mizigo ya abiria stesheni ya Morogoro. Kila gazeti lililofungiwa samaki au sabuni nililikunjua nikalisoma mpaka mwisho. Kusoma nilikuwa naweza, na hamu ya kujua mambo haikuniisha hata siku moja. Lakini cheti sikuwa nacho, na dunia hii haimuulizi mtu anajua nini. Inamuuliza ana karatasi gani.

Nyumbani nilimwacha mama na mdogo wangu wa pekee, Anselmi. Tulikuwa tumbo moja. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na waliotoka tumbo moja hawagawani: shamba la mmoja ni la wote, jembe la mmoja ni la wote. Anselmi alibaki darasani siku ile ya lori. Akasoma mpaka la nane, akasomea ualimu, akarudi kufundisha pale pale misheni tuliposoma. Alikuwa mtu mpole. Kila niliporudi nyumbani nimechakaa, harufu ya mkonge nguoni, alitoka mbele ya wanafunzi wake na kuniamkia: "Shikamoo, kaka." Mwalimu mzima, amevaa viatu, ananiamkia mimi niliyekuwa pekupeku! Heshima ile sikuistahili, nami niliizoea kama haki yangu.

Katika kutangatanga nilifika Dar es Salaam, nikapata kazi ya kusugua sakafu na kupanga viti katika jumba walimokuwa wakikutana wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Wengine walikuwa wakipanga viti wakaenda zao. Mimi nilitaka kujua nani anakalia kipi.

Nilipoanza kazi, upande wa wajumbe wasio wa serikali kulikuwa na Wazungu saba, Waasia watatu na Waafrika wanne. Wanne, kwa nchi nzima! Baadaye viti vikaongezwa upande ule vikawa thelathini: Wazungu kumi, Waasia kumi, Waafrika kumi. Sisi tuliojaa nchi kama nyasi tukapewa kumi, na wageni wachache wakapewa ishirini. Upande wa serikali je? Huko niliweka viti thelathini na kimoja. Nilivihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sikukosea. Hata wale thelathini wote wangesema neno moja, bado wangezidiwa na kiti kimoja. Na katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na mama yangu, wala na mama wa mtu yeyote!

Nilipoachishwa kazi ile nilirudi kwetu na uchungu huo kifuani. Nikakuta uchungu mwingine unanisubiri. Ilikuwa miaka ile ya matuta. Mabwana shamba walikuwa wamepanda milimani na amri kwamba kila mwenye shamba achimbe matuta, na asiyechimba apelekwe barazani akahukumiwe. Mama yangu, mwanamke wa umri ule, alichimba mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nilimkuta anatembea ameinama kama anayetafuta sindano chini. Hakunyooka tena mpaka anaingia kaburini.

Basi nikaanza kuwafundisha watu. Siku za gulio pale Mlali nilitandaza gunia, nikapanga Baraza zima kwa mbegu. Maharage meupe yalikuwa Wazungu, dengu walikuwa Waasia, kunde nyeusi zilikuwa sisi. Upande huu thelathini, upande ule thelathini na moja. Watu wakajazana. Wakaniita Bwana Baraza.

Alikuwapo mnunuzi mmoja wa kabichi, Mzigua wa Dumila, Mzee Kibwana, mtani wetu. Ninyi mnajua utani: mtani akikutukana unacheka, ukikasirika umevunja mila. Siku ya kwanza alisikiliza somo langu mpaka mwisho, akainama, akachukua harage moja la upande wa serikali, akalitafuna likiwa bichi.

"Nimempunguza mmoja," akasema. "Sasa mmelingana. Kazi uliyoshindwa wewe miaka yote, Mluguru, Mzigua ameifanya kwa jino."

Gulio zima likacheka. Nami nikacheka. Laiti ningejua kwamba jino la mtu yule litakuja kuniuma mimi...

Ikaja habari kwamba sasa tutapiga kura. Kwa mara ya kwanza nchi itachagua wajumbe wake! Lakini kura ile ilikuwa na masharti mawili, na yote mawili ndiyo yaliyonimaliza.

Sharti la kwanza lilihusu mpiga kura. Lazima awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha kiwango walichokitaja, au awe ameshika cheo fulani. Sharti la pili lilihusu kura yenyewe. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura ilimpasa achague mmoja katika kila fungu. Watatu, si pungufu. Ukichagua mmoja ukaacha wawili, karatasi yako yote imeharibika, haihesabiwi. Chama chetu cha wananchi kilibishana sana ndani kwa ndani juu ya jambo hilo, mwishowe kikasema tuingie tupige zote tatu, na kikatutajia Mwasia na Mzungu waliokuwa wakituunga mkono. Chama kile kingine, kilichotaka rangi zote zigawane sawasawa, kilikuwa kinaomba Mungu sisi tukasirike tususie.

Hayo yote niliyafundisha mimi! Juu ya gunia, kwa kunde, dengu na maharage. Nilikuwa naweka kunde moja peke yake kiganjani, naipuliza, inaanguka. Nasema: hii ni kura ya mjinga.

Karani wa kuandikisha wapiga kura alipofika Mlali, nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nilikuwa nimefua shati. Akaniuliza jina, nikamtajia: Kosmasi Lukasi. Akaniuliza darasa. Nikasema la nne, nikaanza kumweleza kwamba nimefanya kazi ya kupanga viti katika jumba la Baraza lenyewe. Hakungoja nimalize.

"Kumbe ulikuwa unawapangia viti," akasema. "Basi kawapangie wenzako hapa mstari. Anayefuata!"

Watu niliowafundisha walinitazama. Wengine wakajitia kukohoa. Aliyefuata alikuwa kijana niliyemweleza mwenyewe maana ya neno kura, naye akaandikwa kwa sababu alikuwa na cheti. Niliondoka pale nikiwa sioni njia.

Wakati huo Anselmi alikuwa Kilosa kwenye mafunzo ya walimu ya miezi kadhaa. Cheti chake cha darasa la nane kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la bati la mama, chini ya kitenge chake cha kanisani. Nilijiambia hivi: Anselmi yuko mbali, huenda asirudi kabla ya daftari kufungwa. Kura yake itapotea bure. Na sisi ni tumbo moja. Kama jembe lake ni langu, kura yake itakuwaje isiwe yangu?

Mnaona mtu anavyoweza kuichukua mila njema ya wazee wake akaifanya ufunguo wa wizi?

Nilimwambia mama kwamba Anselmi ameniandikia barua, ananiagiza cheti chake. Mama hakujua kusoma. Nilimwonyesha kipande cha karatasi nilichokuwa nacho mfukoni. Akafungua sanduku mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kanga, akaniambia nikishike kwa uangalifu kisikunjwe. Nilikwenda nacho Morogoro mjini, ambako hakuna aliyenijua. Nikaandikwa Anselmi Lukasi, mwalimu. Nikapewa kadi. Jioni ile ile cheti kikarudi sandukuni, chini ya kitenge, bila mama kujua. Nilikuwa na furaha, wasomaji. Sitawaficha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na karatasi!

Lakini Anselmi alirudi. Mafunzo yaliisha daftari likiwa bado wazi, akapanda nyumbani asubuhi mama akiwa kisimani, akachukua cheti chake sandukuni, akashuka mbio mbio mjini kujiandikisha. Mimi nilikuwa kwenye shamba la juu, sikumwona akipita. Karani akafungua daftari... jina limo. Shule ile ile, baba yule yule, namba ya cheti ile ile. Wakamwambia anataka kujiandikisha mara mbili, na hilo ni kosa. Wakakizuia cheti. Wakamwambia arudi kesho yake bomani ajieleze.

Alirudi nyumbani jioni. Mama alikuwa mlangoni anapukuchua maharage, mimi nachonga mpini. Aliniamkia kama kawaida, akakaa, akatueleza taratibu yaliyompata. Akasema kuna mtu amechukua jina lake. Alisema hivyo bila kunitazama, na kweli hakuwa na wazo lolote juu yangu.

Ningesema wakati ule, yote yangepona. Kulikuwa na nafasi ya kutosha! Mpini ulikuwa mkononi, nikaendelea kuuchonga. Nilimwogopa polisi, ndiyo. Lakini niseme ukweli wote: zaidi ya polisi, niliogopa kunyang'anywa ile kadi.

Ndipo mama, bila kujua lolote, akasema: "Lakini cheti si uliagiza mwenyewe kwa barua, mwanangu? Kosmasi akakuletea."

Anselmi aligeuza uso kwangu. Nimetazamwa na manyapara wa mkonge, nimetazamwa na mahakimu. Sijatazamwa tena vile. Kisha akamgeukia mama, na sauti yake ilikuwa ya upole ule ule.

"Ndiyo, mama," akasema. "Niliagiza. Nilikuwa nimesahau."

Mama akaendelea kupukuchua maharage.

Kesho yake alikwenda bomani, akasema ni yeye mwenyewe aliyejiandikisha mara ya kwanza, akarudi mara ya pili kwa sababu alihofia jina limepotea. Karani aliridhika, daftari likawa safi, hakushitakiwa. Lakini tarehe iliyoandikwa daftarini ilikuwa ya siku ambayo Anselmi alitakiwa kuwa darasani Kilosa! Habari ikamfikia msimamizi wa shule. Akaitwa, akaulizwa: ulitoroka mafunzo uende kwenye mambo ya siasa? Angejibu hapana, nami ningekwenda jela. Alijibu ndiyo. Akaachishwa kazi mwezi ule ule. Mwalimu aliyependwa na watoto wa bonde zima, ametolewa kama mlevi.

Je, baada ya hapo nilikwenda kwa msimamizi nikajitoa? Sikwenda. Kila asubuhi nilisema nitakwenda, na kila asubuhi nilikuta sababu.

Anselmi akapata kazi ya ukarani wa kupima katani katika shamba moja la mkonge huko Ngerengere. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani Mlali, nimembebea sanduku. Lori lilipokuja nilitoa kadi mfukoni nikamnyooshea. Hakuipokea. Alisema siku ya kura atakuwa kazini, na mgeni kazini haombi ruhusa.

"Imekwisha kunigharimu," akasema. "Basi isipotee. Nenda ukaipige, kaka. Ila upige zote tatu. Ukiacha hata moja, imekufa, na mimi nitakuwa nimeachishwa kazi kwa ajili ya karatasi tupu."

Nikamwapia. Nilimwapia kwa mgongo wa mama yetu!

Siku mbili kabla ya kura, nilikuwa gulioni. Nilikuwa nimekwisha kuwadokeza watu kwamba nami nitapiga, kwa njia zangu. Mzee Kibwana alikuwa anapakia kabichi. Aliposikia, aliweka kabichi chini, akakunja mgongo, akatembea ameinama vile vile kama mama yangu, akijifanya ameshika jembe.

"Nendeni, watani, mkampe kura Mzungu," akasema. "Mwambieni: asante kwa matuta, Bwana, tumeyapenda, tunaomba mengine."

Ulikuwa utani. Alikuwa na haki nao, na kila mtu alicheka. Lakini mimi niliona mgongo wa mama. Nilipaswa kujua kwamba utani unaachwa pale pale gulioni. Mimi nikaubeba mpaka kwenye chumba cha kura.

Mstari ulikuwa mrefu pale Morogoro mjini, jua kali. Jina la mdogo wangu lilipoitwa niliitika bila kusita. Nikapewa karatasi, nikaingia pale penye kificho. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba. Niliweka alama yangu kwa mtu wetu, na mkono ulikuwa mwepesi. Kisha nikaona mafungu mawili yaliyobaki. Yule Mzungu tuliyeambiwa tumchague hakuwahi kumchimbisha mtu matuta, nilijua hivyo. Nilikuwa nimewaeleza watu hivyo mimi mwenyewe. Lakini nilisikia kicheko cha gulio zima masikioni, nikajiambia: mimi, mtoto wa mwanamke yule, niweke alama kwa Mzungu?

Nikaikunja karatasi. Alama moja.

Nikaitumbukiza sandukuni nikiwa nimeinua kidevu... mwanamume kamili! Siku ya gulio lililofuata nilimtafuta Mzee Kibwana nikamweleza kwa majivuno nilivyofanya. Nilidhani atanisifu. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

"Mtani," akasema, "hii si ndiyo ile kunde uliyokuwa ukiipuliza?"

Nilikaa juu ya kabichi zake.

Mtu wetu alishinda. Wale waliofuata neno la chama walipiga zote tatu, wakashinda bila mimi. Kura yangu, yaani kura ya Anselmi, ilikuwa katika zile zilizotupwa. Sikumwandikia. Ningemwandikia nini?

Mama alifariki mwaka huu, kabla ya mvua za masika kukatika. Anselmi alikuja kutoka Ngerengere, amekonda, vidole vimeota sugu kama vyangu. Tulisimama pande mbili za kaburi. Nanyi mnajua kazi ya mtani msibani: huja kuwachekesha wafiwa ili wasife kwa majonzi. Mzee Kibwana alikuja kutimiza wajibu wake. Alichukua ungo akausimamisha mbele ya uso wake, ndiyo kificho cha kura. Akachuma jani la mgomba, ndiyo karatasi. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akaweka alama moja kwa kidole, akainua kidevu kama nilivyoinua mimi, akalitupa jani kaburini.

"Mama, mpokee Bwana Baraza," akaimba. "Alisoma mpaka tatu, akahesabu mpaka moja!"

Watu walicheka huku wanalia. Hakuna aliyejua, hata Mzee Kibwana hakujua, kura ile ilikuwa ya nani. Mmoja tu alijua. Anselmi hakucheka. Alilitazama lile jani kule chini mpaka udongo ukalifunika.

Matanga yalipoisha alifunga mzigo wake. Alipita mbele yangu. Nilingoja ile shikamoo, nikajiandaa kabisa kuiitikia... Tangu alipojua kusema hajawahi kunipita bila kuniamkia, hata siku ile ya maharage, hata siku ile ya kuondoka kwake.

Alipita.

Nilikwenda Ngerengere kumtafuta. Nikaambiwa ameacha kazi, ameelekea Tanga, au labda Kilimanjaro, hawana hakika. Nimezunguka mashamba mengi tangu hapo. Zamani nilitangatanga kwa kutaka kujua kila kitu. Sasa natangatanga kwa kutaka kujua kimoja tu.

Ndugu zangu, nawasihi. Mtaitwa tena kupiga kura, na safari ijayo watakuwa wengi zaidi, huenda hata wa darasa la nne. Kadi yako ikija, ipige mwenyewe, na uipige kwa akili uliyokuwa nayo kabla watu hawajakucheka. Na wewe uliye na nduguyo wa tumbo moja, usijidanganye kama mimi. Jembe lake chukua, shamba lake lima. Lakini jina la mtu si mali ya ukoo. Ukiliona limelala sandukuni, funika.

Baraza jipya nalijua lote. Niulizeni, nitawapangia kwa mbegu hapa hapa chini: nani wamechaguliwa, nani wameteuliwa, nani wa chama na nani wa kujitegemea, kila mmoja na kiti anachokalia. Ila mdogo wangu Anselmi, sijui amekaa wapi.